Darsa la mantiki Ngamiani: wiki 12 kwa Sh 45,000

Nianze na bei, maana ndilo swali ninaloulizwa kwanza nikisema nilikuwa nasoma mantiki. Ni Sh 45,000 kwa wiki 12, ukitaka unalipa kwa mafungu matatu, kaunta buku na kalamu unakuja navyo. Darsa liko Ngamiani hapa Tanga, uani kwa mwalimu mmoja mstaafu tunayemwita Maalim, Jumatatu na Alhamisi, saa 2:00 usiku hadi saa 3:30. Tulikuwa tisa. Kuna mabenchi mawili, mkeka, ubao mweusi ulioegemezwa kwenye mwarobaini, na taa ya kuchaji kwa siku umeme ukikatika. Nimemaliza mwezi uliopita. Naandika kwa sababu kabla ya kulipa nilitafuta mtu wa kuniambia kama linafaa, na sikumpata.

Mimi ni muuzaji wa duka la dawa muhimu, Pongwe, huu mwaka wa nane. Kilichonipeleka kule ni mama mmoja.

Alikuja jioni na mtoto mgongoni, wa mwaka na miezi. "Dada, mtoto ana homa tangu jana, nipe mseto." Nikamgusa mtoto shingoni, moto kweli. Nikauliza uzito wake kliniki ya mwisho, nikatoa dozi ya hiyo dawa ya malaria, nikamweleza: ampe sasa pamoja na chakula, ya pili zikishapita saa nane, kisha asubuhi na jioni mpaka zitimie siku tatu. Nilimweleza taratibu, na akanirudia maneno yote bila kukosea. Siku ya tano akarudi bila mtoto. Akaniwekea kaunta karatasi ya hospitali: nimonia, kalazwa. Hakunigombeza. Alikuwa anatafuta dawa ambayo kule walikuwa wameishiwa.

Mtoto alipona. Mimi ndiye sikukaa sawa. Nilichokuwa nakizungusha kichwani ni hiki: sikusema uongo wowote. Wenye malaria hupata homa, ni kweli. Mtoto yule alikuwa na homa, ni kweli, niliigusa kwa mkono wangu. Kweli mbili nimeziweka pamoja, zimenitoa njiani. Na amri ya kupima kwanza nilikuwa naijua; tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linasema kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na sisi wa maduka tumefundishwa kumpeleka mtu zahanati. Nilikuwa naishika kama amri ya mkubwa. Sababu yake sikuwa nayo moyoni, na jioni mteja akikubana, amri isiyo na sababu inalegea.

Usiku wa kwanza Maalim hakugusa Kiarabu wala Kiyunani. Alituuliza, "Dalili ya mvua ni nini?" Tukajibu wote kwa pamoja kama watoto wa shule: mawingu. "Haya, tazameni juu." Juu mawingu yalikuwa mazito. "Mvua itanyesha?" Kijana wa bodaboda akasema itanyesha. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa pembeni yangu akasema labda. Maalim akaandika ubaoni:

Kila penye mvua pana mawingu.
Leo pana mawingu.
Basi leo pana mvua.

Akaweka chaki chini akaenda kumimina kahawa. Akatuacha na mistari ile mitatu, tukibishana. Aliporudi akasema methali haina kosa hata kidogo, imetaja dalili ikanyamaza. Kosa tunalitia sisi tunapoisoma kinyumenyume. Tulikaa mpaka saa tatu na nusu, halikudondoka tone.

Hiyo ndiyo kazi ya darsa zima kwa kifupi. Unachukua kadhia mbili, yaani sentensi mbili zinazodai jambo, zenye neno moja la kati linaloziunganisha, halafu unauliza: je, zikiwekwa pamoja zinazaa natija, yaani jambo la tatu linalolazimika kutoka humo, au hazizai? Maalim anatumia maneno yaleyale ya waalimu wa zamani wa Kiarabu, ambao mpangilio usiotoa kitu waliuita tasa. Ukimletea hoja mbovu hakwambii umekosea. Anaitazama, anatikisa kichwa, anasema, "Hii ni tasa, binti yangu. Utaisubiri sana." Neno hilo limenikaa. Hoja tasa inaweza kuwa nzuri ya kutazama, imekamilika viungo vyote, na ndani yake hakuna kitu.

Wiki ya nne ndiyo iliyonilipa pesa yangu yote. Alitoa vyombo ndani kwa mkewe: sinia kubwa, sahani ndogo na punje moja ya mahindi. Akaniita mbele kwa sababu alikuwa anajua kazi yangu. "Sinia hii ni wenye homa wote wa Tanga. Sahani hii ni wenye malaria. Iweke." Nikaiweka sahani katikati ya sinia, maana kila mwenye malaria tumemhesabu kuwa na homa, hakuna ukingo wa kutoka nje. "Punje hii ni mtoto. Mtoto ana homa. Muweke." Mkono wangu ukaenda moja kwa moja kwenye sahani.

"Nani amekwambia umuweke hapo?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia niitoe punje kwenye sahani, niiache ndani ya sinia, pale kwenye nafasi ya bati tupu. "Sasa niambie, kadhia gani imevunjika?" Nikazisoma tena ubaoni. Kila mwenye malaria ana homa: bado kweli. Mtoto ana homa: bado kweli, yumo kwenye sinia. Hakuna iliyovunjika. "Punje ikiwa na mahali pawili pa kukaa na kadhia zako zote zimesalimika, hujapata natija. Umechagua tu."

Nilirudi kukaa nikiwa na lile neno. Umechagua tu. Mkono ulikwenda kwenye sahani kwa sababu ya mazoea ya miaka minane, na ule mkono ndio uliofungua boksi la mseto jioni ile. Nje ya sahani, ndani ya sinia, ndiko kuliko na nimonia, ndiko kuliko na mkojo mchafu, masikio, mafua, na dengi ambayo sisi wa Tanga tuliiona 2019. Wote hao wana homa. Neno langu la kati lilikuwa "homa", na hakuna kadhia yangu hata moja iliyozungumza kuhusu wenye homa wote. Nilijua habari za wenye malaria wote na za mtoto mmoja, basi.

Michoro ya duara kwa kazi hii ilienezwa na Leonhard Euler, Mswisi wa karne ya 18, na anayesoma vitabu ataikuta humo. Kwangu mimi sinia na sahani vilifika mbali zaidi, kwa sababu punje niliishika mwenyewe.

Kiufundi, hoja yangu ile ni ya umbo la pili; umbo ni mahali neno la kati linapokaa, na katika la pili limekaa mwisho wa kadhia zote mbili. Sharti lake mojawapo ni kwamba kadhia moja ikubali na nyingine ikatae. Zote mbili zikikubali, tasa. Maumbo yapo manne. Aristotle, yule Myunani, alifanya kazi na matatu, la nne likaja kuhesabiwa baadaye, na mwanafalsafa Ibn Sina, ambaye alikuwa tabibu pia, aliliweka kando kwa kuona akili haiendi hivyo kwa kawaida. Kila umbo lina mipangilio 16, kwa kuchanganya kadhia za "kila" na za "baadhi", za kukubali na za kukataa, kwa hiyo jumla ni 64, na kwa hesabu ya vitabu vya Maalim inayozaa ni 19 tu: minne, minne, sita na mitano. Hesabu hiyo inafikirisha ukiitazama. Ina maana mtu akiunganisha maneno ovyo, mara nyingi zaidi atapata kitu tasa chenye sura ya hoja.

Kitabu anachofuata ni Sullam, maana yake ngazi, cha Abdulrahman al-Akhdari wa Algeria. Ni beti 140 na kitu, zilizotungwa mwaka 941 Hijria, sawa na 1534 au karibu na hapo. Zimetungwa ili zikaririwe, na Maalim anazo zote kichwani tangu ujana wake. Mle ndani mtunzi anaomba radhi kwa makosa akisema wa miaka 21 ana udhuru wa kukubalika. Kijana wetu mmoja anayesoma sheria, naye ana umri huohuo, aliandika maneno hayo kwenye jalada la daftari lake. Na mwanzoni kabisa kitabu kinaeleza bila kuficha kwamba wanazuoni walitofautiana: Ibn al-Salah na al-Nawawi waliharamisha mantiki, wengine wakasema inafaa ijulikane, na kauli ambayo mtunzi mwenyewe anaiona sahihi ni ruhusa kwa mwenye akili pevu aliyeshika dini yake. Nilipenda kwamba jambo hilo tuliambiwa wiki ya kwanza. Mimi ni Mlutheri kutoka Lushoto, sikuwa na hakika kama nitakaribishwa. Maalim aliniuliza kitu kimoja tu, kama naweza kufika kwa wakati.

Hapa ndipo penye lawama yangu ya kwanza. Wiki tatu za mwanzo maneno ya Kiarabu yanamwagika kama mvua ya masika: maudhui, mahmuli, hadi asghar, hadi akbar, hadi ausat. Waliopita chuo cha Kurani utotoni waliyadaka. Mimi na yule wa bodaboda tulikuwa tunaandika kwa kusikia, kila mtu na tahajia yake. Ingetosha kusema neno la kwanza, neno la mwisho na neno la kati, halafu Kiarabu kikaja baadaye kwa anayetaka kukifuata kitabu. Karatasi za fotokopi anazogawa zimefifia, jedwali la mipangilio 19 halisomeki, nililipanga upya kwa mkono. Kwa bei ile angeweza kuchapisha upya kurasa nne.

Mpangilio wenyewe pia unaweza kumchanganya aliyesoma mahali pengine. Maalim anaanza na kadhia ndogo, ile yenye neno la kwanza la natija, kama ilivyo desturi ya vitabu vyake: ulimwengu unabadilika, kila kinachobadilika kina mwanzo, basi ulimwengu una mwanzo. Vitabu vya Ulaya vinaanza na ile ya "kila". Kijana wa sheria alipoteza nusu saa ya watu wote kwa hilo.

Kitu ambacho ningekilipia hata peke yake ni kazi ya nyumbani. Kila Alhamisi unaleta sentensi moja uliyoisikia mtaani yenye "basi" au "kwa hiyo", na kadhia iliyofichwa ndani yake unaitoa nje. Watu hatusemi kadhia mbili tukazipanga kama ubaoni. Tunasema moja, tunaruka kwenye natija, na ile ya katikati tunaimeza. Mimi dukani sikuhangaika kutafuta. "Hii ya bei kubwa, basi ndiyo nzuri." Iliyomezwa: kila cha bei kubwa ni kizuri. Ukiitamka kwa sauti, mteja mwenyewe anaikataa. "Nilikunywa vidonge vya rangi mbili mafua yakaisha, kwa hiyo nipe tena." Iliyomezwa: kila kinachotangulia kupona ndicho kilichoponya. Hata chai ya tangawizi aliyokunywa wiki ile ilitangulia, hata usingizi. Baba mmoja nilimwambia hivyo kwa upole, shikamoo yangu ikiwa mbele, akafikiri kidogo akanunua parasetamo akaondoka. Antibayotiki moja haikutoka bure siku ile.

Mwalimu wa shule alileta ya ofisini kwao: "Huyu mtoto hanyooshi mkono, basi hajui." Tulikaa nayo usiku mzima ile. Alituambia ana watoto wawili darasani kwake aliowaandika hivyo tangu Januari.

Lakini lawama yangu kubwa ni nyingine, na nimemwambia Maalim uso kwa uso, kwa heshima zote. Darsa lina nguvu sana kwenye umbo, na linapita haraka sana kwenye swali la wapi tunaipata "kila". Chukua hoja nzuri ya umbo lilelile la pili. Kila mwenye malaria, kipimo chake huonyesha mistari miwili. Huyu kipimo chake hakikuonyesha mistari miwili. Basi huyu hana malaria. Kadhia moja inakubali, nyingine inakataa, inazaa bila shida. Nimekaa zahanati nikakitazama kile kipimo: tone la damu ya kidole, matone ya maji yake, dakika 15 hadi 20, kisha mstari wa C lazima uje kuonyesha kipimo ni kizima, na wa T ukija ndipo unasema ana vimelea. Sasa, je, ni "kila"? Vimelea vikiwa vichache sana mstari wa T unaweza usionekane. Na kwa vipimo vingi tunavyotumia, aliyekwisha kutibiwa anaweza kuendelea kuonyesha mstari kwa wiki kadhaa ilhali amepona. Kwa ukweli wake ile "kila" ni "wengi mno". Ukiweka "wengi mno" mahali pa "kila" katika umbo la pili, kwa sheria za Maalim hupati kitu. Kuna kanuni kwenye Sullam kwamba natija huifuata iliyo dhaifu kati ya kadhia zake. Naikubali. Ila mimi dukani siwezi kumwambia mama asubiri mpaka nipate "kila". Lazima niamue kwa "wengi mno", na darsa halina hata jioni moja ya kufundisha namna ya kuamua nayo.

Maalim alinisikiliza. Wiki iliyofuata alitupa usiku mzima wa Ibn Taymiyya, mwanazuoni aliyefariki 1328, ambaye aliandika kitabu kizima cha kuwajibu watu wa mantiki. Hoja yake mojawapo ilikuwa hiyohiyo: "kila" unaijua kwa kupitia mmoja mmoja, sasa kama mmoja mmoja ulishawajua, hoja yako imekuongezea nini? Nilishangaa kumsikia mtu anafundisha kitu kwa miezi mitatu halafu anamkaribisha mpinzani wake mkubwa akae kwenye kiti, tena anamtetea vizuri kuliko ambavyo sisi tungeweza. Hakunijibu lawama yangu, na alikiri hivyo. Alisema mizani inakwambia kama pande mbili zimelingana, haikwambii kama mawe ya kupimia ni halali. Mawe ukayakague mwenyewe. Nimekubali nusu. Nusu nyingine bado nataka iingie kwenye ratiba.

Mengine madogo. Saa mbili kamili mara nyingi ni saa mbili na robo. Mbu wapo, vaa nguo ndefu. Kahawa na kashata vimo kwenye bei. Wanawake tulikuwa wawili, na kurudi usiku ni gharama. Tuliafikiana na kijana wetu wa bodaboda akawa anatupeleka kwa nusu bei, bila hivyo nisingemaliza. Wapo vijana wawili waliokuja kutafuta silaha za kushinda watu vijiweni, na kwa wiki kadhaa kila ukifungua mdomo wanakukata kwa umbo na namba. Maalim aliwapa kazi moja: waje na hoja tasa tano walizozisema wao wenyewe wiki ile. Walikuja na mbili, na kelele zikapungua.

Kama unataka kuongea hadharani kwa mbwembwe, darsa hili halitakupa. Kama kazi yako ni ya kumtazama mtu au kitu ukaamua kilichomo ndani kwa kuona cha nje, fundi gari, muuguzi, mwalimu, askari, mtu wa bima, lipa ile Sh 45,000. Nyota ningelipatia darsa nne kati ya tano, ya tano iko kwenye karatasi zile na kwenye "wengi mno".

Dukani kwangu kuna sahani ndogo ya bati chini ya kaunta, nilikuwa naitumia kuwekea chenji. Akina mama wanaong'ang'ania mseto bila kipimo siku hizi naiweka juu ya trei ya vidonge, natoa punje moja ya mahindi, nawapa waiweke. Wengi wanaiweka palepale nilipoiweka mimi. Nawauliza nani amewaambia. Zahanati iko dakika kumi kwa mguu, na wiki iliyopita wanne walikwenda.

Awamu mpya inaanza mwezi ujao, nafasi 12. Wahi kukaa benchi la upande wa ukutani, ndiko taa inakofika.